Treni za Mchongoko na Kona za Sebuleni

Treni za mwanzo za mchongoko zilizoundwa Marekani zilikuwa fupi, na ufupi huo, ambao wahandisi waliukusudia kwa ajili ya kupunguza uzito na gharama wala hawakuwa na dhamira nyingine, ndio uliozifungulia njia ya kuingia majumbani mwa watu zikiwa vitu vya kuchezea. Ile iliyopewa nambari M-10000, ambayo kampuni ya reli ya Union Pacific iliipokea kutoka karakana za Pullman mwezi wa Februari 1934, ilikuwa na sehemu tatu tu zilizounganishwa zikawa mwili mmoja, urefu wake wote futi 204 hivi, imeundwa kwa alumini, imepakwa rangi ya manjano na kahawia, na pua yake imeviringwa ili ipasue upepo bila kushindana nao. Ya pili, Burlington Zephyr, ilitoka katika kiwanda cha Edward G. Budd mjini Philadelphia mwezi wa Aprili mwaka huohuo, nayo ilikuwa ya sehemu tatu vilevile, ila yenyewe haikupakwa rangi hata kidogo, maana ilijengwa kwa chuma kisichoshika kutu, na mng'aro wake ndio uliokuwa pambo lake. Kwa msomaji ambaye amekwisha kupanda treni ya mchongoko ya Dar es Salaam na Dodoma, umbo la namna hiyo halina tena ugeni. Walakini Mmarekani wa mwaka ule alikuwa amezoea magarimoshi meusi ya makaa, yenye mabomba na mikono ya chuma inayocheza nje nje, yakivuta mabehewa mazito yaliyojaa masizi.

Zama zenyewe zilikuwa za dhiki. Tangu 1929 biashara ilikuwa imeanguka, na mapato ya makampuni ya reli yatokanayo na abiria yalikuwa yamepungua kupita nusu, kwa kuwa mwenye fedha alinunua motokaa na asiyekuwa nazo alikaa kwake. Wakuu wa reli walihitaji kitu cha kuwarudisha watu stesheni, hata kama ni kwa kutazama tu. Na M-10000 ikatembezwa miji mingi ya nchi ile kabla haijachukua abiria hata mmoja wa nauli, watu wakipanga foleni kupita ndani yake, kuingilia mlango huu na kutokea mlango ule. Zephyr nayo ikafanya makubwa zaidi. Tarehe 26 Mei 1934 iliondoka Denver alfajiri, ikiwa imewachukua wakubwa wa kampuni, waandishi wa habari na punda mmoja ambaye hakutakwa shauri, ikaenda maili 1,015 hata Chicago kwa muda wa saa 13 na dakika 5, na mahali pengine mwendo wake ukafikia maili 112 kwa saa. Njiani waya wa kuwashia injini ulikatwa na mlango uliobamizwa kwa nguvu, injini ikazimika. Mtu mmoja akazishika ncha mbili za waya ule kwa mikono yake akaziunganisha, akaungua, nayo treni ikaendelea. Jioni ikapelekwa moja kwa moja jukwaani, katika maonyesho ya dunia yaliyokuwa yakifanyika ufukoni mwa ziwa mjini Chicago, ikawa ndiyo tamati ya mchezo uliokuwa ukichezwa pale mbele ya umma. Mimi naona kwamba hapo uchukuzi ulikwisha kuwa tamasha, na kwa hiyo si ajabu kwamba watu wa kwanza kuielewa kwa ukamilifu maana ya treni hizi walikuwa watengenezaji wa toi.

Mkubwa wao alikuwa Joshua Lionel Cowen, mwenye kampuni ya Lionel iliyoanzishwa New York mwaka 1900, ambaye katika mwezi uleule wa Mei 1934 kampuni yake ilikuwa imekwisha kuingia mikononi mwa wasimamizi wa mahakama kwa sababu ya madeni. Hadithi inayopendwa kusimuliwa ni kwamba Lionel iliokolewa na kigari cha dola moja kilichopandwa na sanamu za Mickey Mouse na Minnie, ambacho kiliuzwa zaidi ya 250,000. Na kuuzwa kwake ni kweli, lakini faida ya kitu cha dola moja haiwezi kuwa nyingi, na atazamaye hesabu za jambo lile kwa utulivu atakubali kwamba treni ya manjano na kahawia, mfano wa M-10000 uliotolewa mwaka huohuo, ilikuwa na sehemu yake kubwa katika wokovu ule. Mwezi wa Januari 1935 kampuni ilirudishwa kwa wenyewe.

Hapa ndipo lilipotokea jambo ambalo limeandama ufundi huu mpaka leo. Reli za kawaida za Lionel za kipimo kinachoitwa O zilikuwa zikipindwa hata duara lake lilikuwa na kipenyo cha inchi 31, duara ambalo huenea chini ya meza ya chakula. Na juu ya duara hilo vilitembea vichwa vifupi vya bati na mabehewa mafupi ya bati, ambayo hayakufanana sana na kitu chochote kilichopata kuonekana stesheni, wala hakuna mtoto aliyelalamika. Treni ya mchongoko haikubali kutendewa hivyo. Uzuri wake wote umo katika mstari mmoja mrefu usiokatika, toka puani hata mkiani. Ubavu wake umeshuka chini ukayafunika magurudumu. Na mahali behewa moja linapokutana na jingine pamezibwa ili upepo usipate pa kushika. Ukiifupisha, umeiharibu, usipoifupisha, haipiti kwenye kona. Mafundi wa Lionel waliamua kuifanya kwa kukaribia kipimo cha haki, wakaihifadhi ile namna ya mwenyewe halisi, yaani sehemu zake tatu kukalia magurudumu ya pamoja kwenye maungio, na kisha, kwa kuwa kona zilizokuwapo zilikuwa kali mno, wakatengeneza reli mpya kabisa yenye duara la kipenyo cha inchi 72. Duara hilo, takriban mita moja na robo tatu na kitu, haliingii chini ya meza. Linataka viti visogezwe, zulia likunjwe, na mama wa nyumba atoe idhini. Na katika nyumba nyingi za mwaka 1934 hivyo vyote vilikuwa vigumu kupatikana kuliko fedha zenyewe.

Kwa sababu hiyo, mwaka uliofuata Lionel ilitoa treni ndogo zaidi ya mchongoko, Flying Yankee, mfano wa ndugu ya Zephyr aliyejengewa reli za Boston na Maine, ambayo ilikubali kona za kawaida kwa kunyimwa sehemu ya kimo na urefu wake. Na pamoja nayo ikatoa Hiawatha, mfano wa treni ya mvuke iliyovishwa bati la mchongoko la rangi ya machungwa na kijivu, iliyoanza safari zake baina ya Chicago, Milwaukee na Minnesota mwezi wa Mei 1935. Washindani wao, American Flyer wa Chicago, walikuwa wameshika Zephyr yenyewe, wakaisubu kwa alumini. Na mjini Milwaukee, mwaka huohuo wa 1935, wakakutana watu wa namna nyingine, ambao hawakupenda hata kidogo kuitwa wachezaji, wakaunda chama cha taifa cha waundaji wa treni ndogo ili kuwekeana kanuni za vipimo, upana wa reli na umbo la magurudumu, kiasi kwamba gari la mtu wa mji mmoja liweze kutembea juu ya reli ya mtu wa mji mwingine. Tangu hapo kumekuwa na makabila mawili, wenye toi na wenye vipimo, na ugomvi wao juu ya kona haujapata kadhi wa kuumaliza.

Ulaya mambo yalikuwa yamekwisha kuanza. Wajerumani walikuwa na Fliegender Hamburger tangu Mei 1933, ambayo ilikwenda kutoka Berlin hadi Hamburg kwa dakika 138. Nigel Gresley, mhandisi mkuu wa reli za LNER za Uingereza, aliipanda akaistaajabia, lakini akaona kwamba mvuke wa kwao ukivishwa umbo la kufaa hautashindwa na dizeli ya wengine. Ndipo zilipozaliwa injini zake za A4, ambazo mojawapo, Mallard, tarehe 3 Julai 1938 ilikimbia maili 126 kwa saa, mwendo ambao hakuna injini ya mvuke iliyothibitishwa kuupita mpaka sasa. Mwaka ule ule kampuni ya Meccano ya Liverpool ilianzisha treni zake ndogo za Hornby Dublo, na kwa kuwa ilitaka kuanza kwa kishindo, injini yake ya kwanza kubwa ilikuwa A4 iitwayo Sir Nigel Gresley, ya madini ya kusubu, yenye uzito wa kutosha mkononi. Kipimo chake kilikuwa karibu nusu ya kile cha O, na hilo ndilo jibu la pili la suala la kona: kama chumba hakiongezeki, basi treni ipungue yote kwa jumla, si urefu peke yake.

Wakati huohuo treni zenyewe, zile za watu wazima, zilikuwa zikirefuka. Zile sehemu tatu zilizounganishwa zilileta taabu zisizotazamiwa, kwa maana abiria walipozidi hakukuwa na njia ya kuongeza behewa, na injini ilipougua treni nzima ililala karakanani pamoja nayo. Kwa hiyo makampuni yakaanza kununua vichwa vya dizeli vinavyojitegemea na mabehewa yanayojitegemea, yenye urefu wa futi 85 kila moja. Super Chief ya kampuni ya Santa Fe, kati ya Chicago na Los Angeles, ilivaa umbo hilo mwaka 1937, ikitumia saa 39 na dakika 45 kwa safari nzima. Na kichwa chake kilichorwa na Leland Knickerbocker, msanii wa kitengo cha magarimoshi cha General Motors, kwa wekundu uliozunguka pua na kutambaa ubavuni juu ya fedha inayong'aa, mchoro ambao naona haujapata mfanowe katika historia ya reli. Tarehe 15 Juni 1938 zikazinduliwa kwa siku moja treni mbili mahasimu za New York na Chicago, 20th Century Limited iliyobuniwa na Henry Dreyfuss na Broadway Limited iliyobuniwa na Raymond Loewy, kila moja kwa saa 16. Kisha vikaja vita. M-10000, iliyokuwa imeshangiliwa na umma miaka minane tu nyuma, ilivunjwa mwaka 1942 ili alumini yake itumike vitani, na Lionel ikaacha toi ikatengeneza dira za manowari. Mwaka 1943 watoto waliotaka treni kwa Krismasi waliuziwa treni ya karatasi, ya kukata na kukunja, ambayo mwenye subira zote za Ayubu asingeweza kuisimamisha wima.

Treni ndogo iliyopendwa kupita zote ilitoka mwaka 1948. Ilikuwa kichwa cha dizeli cha aina ya F3, katika rangi za Santa Fe na pia katika rangi za New York Central, na kupatikana kwake kuna kisa chenye maana. Kalibu za chuma za kutengenezea kitu kama hicho ni ghali mno. Basi Lionel ikayaendea makampuni hayo mawili ya reli, na General Motors iliyokuwa ikiunda vichwa vyenyewe, ikayashawishi yachangie gharama, kwa hoja kwamba mtoto atakayeikokota Santa Fe juu ya zulia leo ndiye atakayekata tikiti ya Santa Fe kesho. Yakatoa. F3 ilifaa kwa kona kuliko mtangulizi wake, maana magurudumu yake yalikaa katika vitoroli viwili vilivyozunguka kwa uhuru chini ya bodi, na bodi yenyewe si ndefu. Hivyo treni ya mchongoko ikapita kwa mara ya kwanza katika duara la meza ya chakula bila kuona haya. Bahati mbaya, kilichofuata nyuma yake kilikuwa mabehewa. Behewa la futi 85 kwa kipimo cha 1:48 huwa sentimita 54, na hakuna duara la inchi 31 litakalolikubali; kwa hiyo mabehewa mazuri ya alumini ambayo Lionel ilianza kuyauza mwaka 1952 yalikatwa takriban robo ya urefu wao. Macho ya mtoto hayakugundua, au yaligundua yakasamehe.

Niingize hapa neno moja la pembeni juu ya rangi na haki za rangi, maana miaka ilipopita wema ule wa 1948 ulisahauliwa. Mnamo 2004 Union Pacific, kampuni ileile iliyoitembeza M-10000 mji kwa mji ili itazamwe bure, iliishitaki Lionel na mtengenezaji mwingine mahakamani, ikidai ada kwa kila treni ndogo iliyobeba nembo zake na za makampuni iliyoyameza. Mtengenezaji wa tatu, MTH, alikataa kutii, akajibu kesi kwa kesi. Na mwaka 2006 pakafanyika suluhu, nembo zikaruhusiwa kutumika bila ada. Sina shaka kwamba wanasheria wa kampuni walikuwa na hoja zao za kisheria. Lakini kumtoza kodi mtu ambaye kwa fedha yake mwenyewe ananunua tangazo lako, akaliweka sebuleni na kuwaonyesha wageni, ni hesabu ambayo mfanyabiashara yeyote wa Darajani angeicheka.

Ilipofika miaka ya sitini, treni na mfano wake vilianza kuugua pamoja. Ndege za jeti na barabara kuu ziliwachukua abiria. 20th Century Limited ilikoma Desemba 1967, California Zephyr ikakoma Machi 1970, na tarehe 1 Mei 1971 sehemu kubwa ya zilizobaki zikakabidhiwa shirika jipya la Amtrak, ambalo liliziondoa nyingi siku hiyohiyo. Cowen alikuwa ameuza hisa zake mwaka 1959, akafariki 1965, na mwaka 1969 haki ya kutengeneza treni za Lionel ikaenda kwa General Mills, wasaga unga. Hata hivyo wako waliotangulia kuona thamani ya vitu hivi. Tangu 1954 chama cha wakusanyaji wa treni kilikuwa kimeanzishwa Yardley, Pennsylvania, ambacho baadaye kilijenga makumbusho yake Strasburg katika jimbo hilohilo; na watoto wa 1948, walipokuwa watu wazima wenye mishahara, wakaanza kuitafuta tena ile Santa Fe nyekundu.

Ukusanyaji una fiqhi yake. Treni iliyopakwa rangi upya, hata kama imepakwa na fundi hodari, imepoteza sehemu kubwa ya thamani. Iliyochubuka kwa mikono ya mtoto lakini ikabaki na rangi yake ya asili inaheshimiwa zaidi. Na sanduku la karatasi ambalo mama wa nyumba alilitupa asubuhi ya Krismasi leo huweza kuuzwa peke yake kwa bei ya kushangaza. Adui mkubwa ni maradhi ya madini yenyewe. Zinki iliyosubiwa kabla ya vita, ikiwa ilichanganyikana na risasi hata kidogo sana, huvimba na kupasuka kwa ndani mwaka baada ya mwaka, hata gurudumu au bodi iliyokuwa imara ikawa vumbi ndani ya kabati lililofungwa. Haina dawa, na mnunuzi mwenye busara huchungulia kwa lenzi kutafuta nyufa kabla ya kufungua mkoba. Fauka ya hayo kuna ule mng'aro wa Zephyr. Chuma kile halisi kilikuwa na siri yake, kwa kuwa ukikichomelea kwa moto wa kawaida kinapoteza uwezo wa kukataa kutu, na Earl Ragsdale, mhandisi wa Budd, ndiye aliyebuni namna ya kukiunganisha kwa mpigo wa umeme mkali wa kitambo kidogo sana, joto lisipate nafasi ya kuenea. Katika mfano mdogo hakuna kutu ya kuogopwa, ila mng'aro huo huigizwa kwa alumini, kwa rangi ya fedha au kwa utando mwembamba wa kromu juu ya plastiki, na kila mmoja huonyesha alama za vidole. Ndiyo maana utawaona wenye treni hizi wakizishika kwa glovu.

Kwa wale wasioridhika na kabati, wanaotaka treni itembee, suala la kona lilibaki palepale. Katika kipimo cha HO, yaani 1:87, kilichokuja kutawala Marekani baada ya vita, behewa kamili lina karibu sentimita 30, na Irvin Athearn wa California, aliyetaka bidhaa yake itembee katika kona za watu wa kawaida, aliyafupisha mabehewa yake ya mchongoko yakawa ya futi 72 kwa kipimo. Kwa miaka mingi maelfu ya nyumba zilikuwa na Super Chief pungufu, na wenye vipimo wakazidharau. Mafundi wa Japani waliwaundia wenye fedha treni za shaba, kila msumari mahali pake, ambazo nyingi hazikupata kutembea hata kidogo kwa kuwa hakuna aliyethubutu. Baadaye kampuni ya Walthers ya Milwaukee ikawa inatoa treni mashuhuri moja baada ya moja, kila behewa kwa umbo lake na kwa urefu wake kamili, ikidai kona pana zinazohitaji chumba kizima. Na Kato wa Japani, aliyeanza na injini ndogo ya mvuke mwaka 1965 katika kipimo cha N ambacho reli zake zina upana wa milimita 9, akatoa California Zephyr yenye mabehewa 11, pamoja na yale ya makuba ya vioo ambayo abiria walipanda kutazama milima ya Colorado. Treni hiyo, mabehewa peke yake, ilikuwa na mita 285 katika hali yake halisi. Kwa kipimo cha O ingehitaji karibu mita 6, kwa HO mita 3 na robo, lakini kwa N haifiki mita 1.8, na mpangaji wa chumba kimoja anaweza kuiona yote kwa mara moja, pua na mkia, ikipinda bila kukatwa hata inchi moja.

Binafsi namwelewa zaidi yule anayepunguza idadi ya mabehewa kuliko yule anayeyafupisha, na historia inamuunga mkono. Tangu 1958, katika misimu ya abiria wachache, Santa Fe ilikuwa ikiiunganisha Super Chief na treni yake nyingine, El Capitan, zikawa treni moja, na katika miaka ya sitini treni nyingi zilizokuwa na fahari zilionekana zikipita na mabehewa machache, nyingine zikiwa na sanduku za posta zaidi ya watu. Basi mwenye chumba kidogo anayetaka kuwa mkweli hana haja ya kuona aibu: achague siku moja ya kazi ya majira ya baridi ya mwaka 1966, vichwa viwili vya dizeli vyenye rangi iliyofifia, mabehewa matano nyuma yake, na behewa la kulia chakula ambalo nusu ya meza zake hazina mtu.